Hema Ndani ya Gereji

Mwaka 2023, nikiwa na miaka sitini na mitatu, ndipo shida yangu ilipoanza.

Nasema hivyo makusudi. Watu wa hapa Sydney wakimwona mzee Mkongomani wanataka aanze na vita. Wanainamisha kichwa upande, wanasubiri utaje bunduki. Vita vilinikuta mwaka 1996, bado nina miguu na mgongo. Nikavuka ziwa na mke wangu na watoto, nikafika Tanzania, nikajenga. Vita vilikuwa vibaya, sikatai. Lakini kila asubuhi nilikuwa na la kufanya. Ninayoiita shida ni ile iliyonijia nikiwa nimekwisha kuvuka yote hayo, nina kazi, nina kadi ya hospitali, nina watoto waliosoma, halafu nikashindwa na baridi ndani ya gereji ya mtu.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, sikurudi tena. Lakini nimejenga nyumba nyingi kuliko watu wenye vyeti vya kujenga. Kambini kule Kigoma nilikuwa mason, sisi ndivyo tunavyomwita mwashi. Mwaka wa kwanza tulilala ndani ya hema kama watu wote. Masika yakatukuta humo, na humo tulimpoteza mtoto wetu mdogo, kifua. Mvua zilipokatika nilikanyaga udongo kwa miguu yangu, nikafyatua matofali, nikainua ukuta. Katika safu yetu, mke wangu ndiye mwanamke wa kwanza kulala ndani ya nyumba yenye mlango wa mbao na komeo. Alikuwa akilifunga na kulifungua hata mchana, bila sababu yoyote. Mimi namwangalia tu nikiwa nje na tope langu mikononi. Nimeandika haya ili ujue kwamba anayekueleza habari ya baridi si mtu wa kulialia.

Sasa gereji. Nyumba tuliyokuwa tunapanga Toongabbie, mtaa wa magharibi ya Sydney, iliuzwa, mwenye kununua akataka kukaa mwenyewe. Watoto walikuwa wamekwisha kuondoka. Binti yetu aliolewa, yuko Brisbane, anatunza wazee. Mimi nilikuwa bado napata zamu chache Ingleburn, kwenye ghala, kushusha mizigo ya makonteina yanayotoka bandari ya Port Botany. Mke wangu alikuwa ameacha kazi ya usafi kwa sababu ya kifua. Tulitafuta nyumba tukachoka. Unakwenda kuangalia chumba, unakuta msururu wa vijana wenye kompyuta, wote wanatabasamu. Mzee na mkewe wanakohoa nyuma ya msururu, nani atawachukua?

Akatuchukua mama mmoja mjane kutoka Sri Lanka, mwenye nyumba si mbali na stesheni. Nyuma ya nyumba yake kuna gereji. Marehemu mumewe aliigeuza kuwa chumba, akaweka sinki, akaweka choo na bafu nyuma ya ukuta wa mbao, akapiga rangi nyeupe, akakata mlango mdogo wa pembeni na dirisha. Ule mlango mkubwa wa gari, wa bati, unaojiviringisha kwenda juu, aliuacha akaufunga kwa kufuli tu. Mimi niliingia nikatazama kwa jicho la mwashi. Ukuta wa tofali moja, nyuma yake hakuna kitu. Paa la bati, chini yake hakuna kitu. Sakafu ya zege tupu. Chumba kile kilijengewa gari, na gari halisikii baridi.

Tuliingia joto bado lipo. Mke wangu akapanga masufuria yake, akatandika kitanda, akasema, "Patafaa."

Mwezi wa sita zege likaanza kutoa baridi. Anayesema Australia ni nchi ya joto hajakaa magharibi ya Sydney mwezi wa saba, asubuhi, nyasi zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Baridi ya mle gereji ilikuwa inatoka chini. Unavaa soksi mbili na kandambili juu yake, bado miguu inauma kama umeikanyagisha kwenye misumari. Nguo zilizoko kabatini zinakuwa kama zimenyeshewa. Mafuta ya mawese yanaganda chupani, unayakwangua kwa kijiko. Mke wangu alianza kukohoa kidogo kidogo, halafu sana, halafu akalazwa. Nimonia. Binti akaja mbio kutoka Brisbane, akakaa naye mpaka akapata nafuu.

Siku aliyotoka hospitali tulirudi kwa treni. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya koti, anatazama nje dirishani. Akaniambia bila kugeuka:

"Baba watoto, kifua hiki kikirudi tena, mimi nakwenda kwa binti. Sikutishi. Nakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa."

"Brisbane kuna nini?"

"Kuna jua."

"Na mimi?"

"Wewe una miguu. Njoo."

Alijua kwamba siji. Kwetu mama anaweza kwenda kukaa kwa binti yake, anabeba wajukuu, anapika, hakuna mwenye kusema neno. Baba haendi. Baba anakwenda kwa mkwe kama mgeni, anakaribishwa, anakula, anaaga, anarudi kwake. Baba akipeleka godoro lake chini ya paa la mume wa binti yake, amekwisha. Vijana wetu wa hapa wanasema hizo ni mila za zamani. Sawa. Mimi pia ni wa zamani.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilikuwa na kazi moja, kuipasha moto ile gereji ili mke wangu asiondoke. Nilikuwa na nyundo, nilikuwa na akili yangu. Fedha ya kununua ile mashine kubwa ya ukutani inayotoa joto sikuwa nayo, na ukuta haukuwa wangu.

Nilianza na hita ya feni, ile ndogo inayonguruma. Mtu yeyote mwenye baridi huanza na hiyo kwa sababu ni rahisi kununua. Inakuchoma magoti, mgongo unabaki na baridi, na ukiizima tu joto linatoweka kama halikuwahi kuwapo. Halafu inakula umeme kama ng'ombe mwenye njaa. Tena umeme wa gereji ulikuwa umevutwa kutoka jikoni kwa mama mwenye nyumba, kwa waya mmoja. Sisi tukiwasha hita na yeye akiwasha birika lake la chai, pwaa, giza kwake, giza kwetu. Mama yule mfupi, mwenye sweta mbili, anatoka mlango wa nyuma na slipa zake kwenye majani yenye umande, anakwenda kwenye boksi la umeme, anarudisha swichi. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alinung'unika kwa lugha yake. Mwishoni tukaweka utaratibu. Kabla ya kuchemsha maji anafungua dirisha la jikoni anaita:

"Anko! Chai!"

Mimi nazima hita. Tunakaa na mke wangu tumejikunyata tunasubiri maji ya mwenzetu yachemke. Halafu anaita tena, "Anko! Tayari!" Nawasha. Na mjane yule alipenda chai, Mungu ambariki.

"Angekuwa mtu wa kahawa tungekuwa tumepona," mke wangu akasema.

"Kahawa pia inataka maji ya moto."

"Lakini mtu wa kahawa anakunywa mara moja anakwenda kazini."

Bili ya umeme ilipokuja, mama aliiweka tu juu ya kiti chetu cha nje akarudi ndani. Nikaiona, nikairudisha ile hita ya feni kwenye boksi lake.

Nikapata hita nyingine kwenye duka la mitumba la kanisa, ile yenye mbavu, ya mafuta. Hii ni tulivu, haingurumi, haichomi, na ukiiweka kwenye namba ndogo haigombani na birika la mtu. Lakini joto lake ni la upole, na gereji ni pana, na paa ni bati. Joto lote linapanda juu linakwenda zake. Nilikuwa nawapasha moto ndege wa Toongabbie.

Hapo ndipo niliporudi kwenye kazi yangu. Nikasema, acha kununua joto, zuia lile ulilonalo lisitoke. Mlango wa bati ulikuwa na upenyo chini, paka angepita. Pembeni, upepo unaingia unapuliza pazia. Kule ghalani Ingleburn tulikuwa tunatupa kila siku yale mabamba meupe mepesi yanayokaa ndani ya maboksi ya friji. Nikamwomba msimamizi wangu, akaniambia, "Chukua yote, mzee, unanisaidia." Nikawa nayabeba kwenye treni, nimeyafunga kamba, watu wananipisha kama nimebeba maiti. Nikayakata kwa kisu cha jikoni, nikayapachika kwenye mlango wa bati, bamba kwa bamba, hadi juu. Chini nikaziba kwa sponji na utepe. Zulia nililiokota barabarani siku watu wanapotoa vitu vyao vya zamani nje, zulia zima, halina tundu. Chini yake nikatandaza maboksi. Dirishani nikabandika ile nailoni yenye vipovu.

Rafiki yangu mmoja Mrundi, tunasali naye, kijana wa miaka hamsini, naye anatunza wazee huko kwenye nyumba zao, alikuja kuangalia. Akazunguka akigonga gonga yale mabamba.

"Mzee, hii umetengeneza friji."

"Friji gani?"

"Si hivi ndivyo friji ilivyo? Nyeupe, imezibwa kila mahali, baridi imebaki ndani. Bado nyama tu."

"Nyama ndiyo hii inayoongea sana. Kaa chini unywe chai."

Alicheka, lakini hakukosea sana. Palikuwa na nafuu, ndiyo, upepo ulikoma. Lakini kuta zikaanza kutoa jasho. Asubuhi unapitisha kiganja ukutani kinalowa. Nyuma ya kitanda yakatokea madoa meusi, ukungu, na harufu ya gunia la mahindi yaliyooza. Nikajua nimeziba mno. Pumzi zetu, mvuke wa ugali, nguo tulizokuwa tunaanika ndani, vyote vilikuwa vinakaa mle mle. Nikasema kuanzia leo hakuna nguo kuanikwa ndani, sufuria lifunikwe, na mchana jua likitoka dirisha lifunguliwe, hata ukisikia baridi. Nikafuta ukungu kwa siki. Kila asubuhi mke wangu alifuta kuta kwa kitambaa. Alikuwa ameanza kukohoa, lakini anageukia upande wa pili ili nisisikie. Mtu na mkewe kwenye chumba kimoja, unafikiri hutasikia?

Siku moja nikamkuta amesimama nje anatazama jiko la mkaa la mama mwenye nyumba, lile wanalochomea nyama.

"Tuombe hili," akasema. "Tuwashe mkaa nje, ukishika vizuri, tuingize ndani."

"Hapana."

"Mama yangu alilala na moto maisha yake yote."

"Mama yako alilala kwenye nyumba ya nyasi. Nyasi inapumua. Humu nimeziba mwenyewe kwa mkono wangu. Ukiingiza mkaa humu tutaamka maiti."

"Maiti haamki."

"Basi hatutaamka. Umefurahi?"

Hakufurahi. Lakini kwa hilo sikurudi nyuma, na wewe unayesoma, kama una baridi kama yetu, usijaribu mkaa. Mkaa hauna moshi wa kukuonya. Unalala tu.

Tulipata mifuko ya mpira ya maji moto, moja yake, moja yangu. Tukapata blanketi la umeme, la watu wawili, lina swichi mbili, yake upande wa ukutani, yangu upande wa mlango. Kati ya vitu vyote nilivyojaribu hilo ndilo lililokula umeme kidogo na kutoa joto la kweli. Nampa kila mtu ushauri huo bila malipo. Lakini linapasha moto kitanda, halipashi hewa, na kifua kinavuta hewa. Mke wangu alikuwa na joto mgongoni na barafu puani.

Halafu wakaja wamama wa maombi. Kila Jumamosi mchana huwa wanasali kwenye nyumba ya mmoja wao, na zamu ikamfikia mke wangu. Nikamwambia, "Wamama wote hao utawaweka wapi?" Akasema, "Mungu atapanga." Wakaja, Wakongomani na Warundi, na makoti yao na vitenge vyao na sauti zao. Wakajaa kitandani, kwenye viti, kwenye zulia, mpaka kwenye kizingiti cha bafu. Mimi nikabanwa pembeni karibu na sinki.

Wakaimba. Baada ya muda nikaona mama mmoja anavua skafu. Mwingine akavua koti, akalikalia. Mwingine akaanza kujipepea kwa kitabu cha nyimbo. Hita ilikuwa imezimwa, niliizima mwenyewe kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuiweka. Mke wangu alikuwa amesimama katikati, kichwa wazi, anaimba kwa pumzi ndefu, hakohoi. Mungu anisamehe, wote walifumba macho na mimi nilikuwa nimeyafumbua, napima. Nilipima urefu wa kitanda. Nilipima kimo cha mtu aliyeketi. Nikajiambia, kosa si hita, kosa ni ukubwa wa mahali. Mwili wa mtu ni moto. Wape watu wawili mahali padogo pa kuwatosha, watajipasha wenyewe.

Jumapili iliyofuata nikasema mgongo unaniuma, siendi kanisani. Mgongo huwa unaniuma, kwa hiyo sikudanganya. Alipoondoka nikaanza.

Nilikuwa nimekwisha kukusanya mapazia mazito ya mitumba, yale yenye kitambaa cha pili nyuma. Nilikuwa na turubai, sisi tunaita bashi, nililopewa ghalani. Nikasimamisha miti minne kwenye pembe za kitanda, nikaweka mti mmoja juu katikati, nikaufunga kwa kamba. Nikatupa turubai juu, chini yake blanketi la sufu. Nikashusha mapazia pande zote hadi kwenye zulia. Hita nikaiacha nje, mbali na vitambaa, sikutaka moto. Juu upande wa kichwani nikaacha nafasi ya hewa, kwa sababu nilikwisha kujifunza. Mlango nikaufanya mfupi ili joto lisitoke mtu anapoingia. Sikuhitaji hata kufikiri. Mikono ilikuwa inajua yenyewe, hapa vuta, hapa zungusha, hapa kaza.

Nikaingia nikakaa. Baada ya muda nikavua koti. Baada ya muda nikavua sweta. Nikabaki na shati, mwezi wa saba, ndani ya gereji, na nje upepo unapiga bati. Nikampigia yule Mrundi, akapita alipotoka kazini, nikamwambia ingia. Aliinama akaingia. Nikasikia sauti yake ikitoka ndani ya mapazia:

"Mzee, umewashinda."

"Nimewashinda nani?"

"Wote. Hita zao zote. Mimi nalala hapa hapa, mwambie mama atafute kwingine."

"Toka, mpumbavu wewe, usinichafulie shuka."

Alipoondoka nilifagia, nikachemsha chai, nikakaa kusubiri. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimemsubiri mke wangu hivyo, kama bwana harusi.

Aliingia na mkoba wake wa Biblia mkononi. Akasimama. Nilitaka aone mwenyewe. Akasogea taratibu, akashika kamba kwenye mti wa pembeni, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Nani amefunga hii?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Najua ni wewe. Fundo ni lile lile."

"Ingia uone joto lake. Ingia kwanza, utaongea baadaye."

Akaweka mkoba chini. Akainama, akashika pazia, akaingia. Nilisikia kitanda kikilia alipoketi. Nikasubiri. Birika la mama mwenye nyumba lilikuwa linachemka kule, kwa mara ya kwanza hatukuwa na la kuzima. Nikasubiri tena. Alipotoka alitoka kwa magoti, kama tulivyokuwa tunatoka zamani, akasimama kwa kushika ule mti.

"Kuna joto," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Kuna joto, Baba watoto. Hata kule kambini, ndani ya hema, kulikuwa na joto. Nilimfunika. Nilimfunika mtoto kwa kila nguo tuliyokuwa nayo. Nikatoka kutafuta maji, niliporudi nikainama kuingia hivi, nikamkuta."

Nilitazama ile kazi yangu. Turubai juu, kamba, miti, mlango wa kuinamia. Lilikosekana tu jina la UN juu ya turubai, kama yale ya kambini. Mimi nilikuwa nimejenga joto. Yeye aliona alichokiona.

"Ni mapazia tu," nikasema. "Mapazia ya mitumba. Nabomoa sasa hivi."

Nikaanza kufungua kamba ya kwanza. Akanishika mkono.

"Ukibomoa utalala wapi? Tutarudi kwenye barafu. Acha. Umetengeneza vizuri, sijasema umetengeneza vibaya. Lakini mimi siwezi. Niliinama miaka ile, ukanitoa ukanipa mlango. Sasa ni mzee, siwezi kuinama tena kuingia mahali pa kulala."

"Basi nitafikiria kitu kingine."

"Fikiria. Mimi kifua changu hakitakusubiri."

Hakuniambia kwa hasira. Akakaa kwenye kiti, akachukua simu, akampigia binti. Waliongea kwa muda mfupi sana, nikajua walikuwa wamekwisha kuongea siku nyingine.

Binti alikuja na mtoto wake mdogo wa kike. Nilimwuliza yule mjukuu kama anamchukua bibi yake, akaniitikia kwa Kiingereza kwamba ndiyo, na bibi atalala kwenye chumba chake. Kiswahili anakisikia chote, kukisema hataki. Binti akajaribu na mimi.

"Papa, twende wote. Chumba kipo."

"Cha mkwe wangu."

"Ni nyumba yangu pia, Papa. Mimi pia nalipia."

"Najua unalipia. Mimi ndiye niliyekusomesha ulipie. Nenda na mama yako."

Mke wangu alipaki mwenyewe. Sufuria la ugali aliniachia. Mfuko wake wa maji moto aliniachia. Akaniambia nifute ukuta wa nyuma ya kitanda kila asubuhi, na nisile mkate tu. Uwanja wa ndege nilikwenda. Sikukaa kuangalia ndege ikiruka, mambo hayo ni ya watu wa sinema. Nilipanda treni nikarudi.

Nililala ndani ya lile hema. Sijawahi kulala na joto namna ile tangu nifike nchi hii. Swichi yangu ya blanketi nikawasha, yake nikaacha.

Baridi ilipopungua nikamgongea mama mwenye nyumba. Nikamwambia nataka kujenga ukuta ndani ya gereji.

"Anko, wakaguzi wa kaunsili wakija?"

"Waambie ni kabati."

"Kabati kubwa hivyo? La kuweka nini?"

"La kuweka mzee."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shali, akanipa ruhusa, na akanipa mbao za marehemu zilizokuwa chini ya nyumba. Nikafungua zile kamba zote. Nikasimamisha fremu ya mbao. Jirani alikuwa anakarabati nyumba yake, nikamwomba mabaki ya yale mabamba ya chokaa ya kujengea kuta, akanipa. Kati ya fremu nikajaza sufu ya kuzuia baridi iliyobaki kwake. Dari nikaishusha, juu yake nikaweka yale mabamba meupe ya friji. Nikaacha tundu la hewa lenye kifuniko. Mlango niliupata barabarani, mlango mzima wa mbao, na nikauweka kwa kimo chake chote, mtu mrefu anapita bila kuinamisha hata shingo. Nikapaka rangi. Mwisho nikaweka komeo.

Hita ya mbavu kwenye namba ndogo inatosha chumba kile. Nilikijaribu mwaka huu, mwezi wa saba, nyasi zikiwa nyeupe. Nilikuwa na shati.

Nilimpigia simu.

"Nimebomoa hema."

"Sasa unalala wapi?"

"Chumbani."

"Chumba gani?"

"Kina kuta. Kina mlango."

"Wa kuinama?"

"Hapana."

Nikasikia anavuta pumzi, ndefu, safi, haina mkwaruzo wowote ndani yake. Zamani ningefurahi. Nilifurahi. Lakini nilielewa pia kwamba hatarudi.

Alikuja joto lilipoanza, kwenye harusi ya watu wa kanisa. Alikuwa amenenepa. Alisimama mbele ya ule mlango, akaufungua, akaingia wima. Akapapasa ukuta, hauna jasho. Akaketi upande wake wa kitanda. Halafu akaenda kwenye mlango, akafunga komeo, akafungua. Akafunga tena, akafungua. Mchana. Mimi nilikuwa karibu na sinki, nikajifanya naosha vikombe.

"Umejenga," akasema.

"Nimejenga."

"Ungeanza na hiki, Baba watoto."

"Sikuwa na mlango."

Akatikisa kichwa. Akasema kifua chake kimezoea jua, daktari wake yuko kule, mjukuu hawezi kulala bila yeye. Akasema akirudi kwenye baridi ya Sydney atakufa akiwa na kuta nzuri. Sikumbishia. Nilijua anaongea ukweli, na mimi sijawahi kumbishia mtu anayeongea ukweli. Baada ya harusi akarudi Brisbane.

Watu wananiambia niende nikamfuate. Nitakwenda, kama mgeni, nitakula, nitaaga.

Leo nina vitu hivi. Chumba kimoja ndani ya gereji ya mtu, nilichokijenga kwa mkono wangu. Mlango mmoja wa mbao na komeo lake. Hita moja ya mafuta. Hita moja ya feni kwenye boksi lake, anayeitaka aje achukue. Blanketi moja la umeme lenye swichi mbili. Mifuko miwili ya maji moto. Zulia. Nyundo, msumeno, mwiko wa kujengea niliotoka nao kambini. Mapazia mazito manne na turubai moja, vimekunjwa juu ya kabati. Zamu mbili kwa wiki Ingleburn, mgongo ukikubali. Watoto watatu hai. Mke mmoja, yuko Brisbane, anapumua vizuri.